Baridi yabisi: kutuliza leo au kuzuia kesho

Mvuvi wa Lamu ambaye vidole vyake vimekakamaa alfajiri anataka kuvuta nyavu asubuhi hiyo hiyo, si baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo anaponunua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa, sioni haki ya kumlaumu: dawa hizo hupunguza uvimbe na maumivu kwa saa chache, na bei yake si kubwa.

Hoja ya upande wa pili ni nzito zaidi. Katika baridi yabisi yenyewe, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, na kutuliza maumivu hakuzuii mfupa kuliwa. Kinachozuia ni dawa kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja kwa wiki (kuimeza kila siku kwaweza kuua), huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na huhitaji vidonge vya asidi ya foliki (aina ya vitamini) pamoja na vipimo vya damu vya kuangalia ini, figo na chembe za damu. Mjamzito haruhusiwi kabisa kuitumia.

Kwa mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, vipimo vya mara kwa mara vina maana ya nauli ya boti na siku nzima ya kazi iliyopotea. Lakini dawa za kutuliza nazo zina gharama, ila hulipwa baadaye: vidonda vya tumbo, presha kupanda na figo kudhoofika, hasa kwa wazee.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ndiyo inayodanganya kuliko zote. Humwinua mgonjwa kwa siku chache hata akadhani amepona, kumbe ikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na kuiacha ghafla ni hatari. Mahali pake ni dozi ndogo, kwa muda mfupi, huku methotreksati ikisubiriwa ifanye kazi.

Bila shaka si kila goti liumalo ni baridi yabisi. Lililochakaa kwa umri hutosheka zaidi na jeli ya kupaka na mazoezi ya misuli ya paja. Ila vifundo vya mikono yote miwili vikivimba kwa zaidi ya wiki 6, na ukakamavu wa asubuhi ukapita nusu saa, mimi naegemea dawa ya polepole, pamoja na taabu zake. Na damu ikichotwa huko huko kisiwani Pate, ikavushwa sampuli badala ya mgonjwa, sehemu kubwa ya hoja ya nauli huondoka.