Mvua ya Tindikali Imepungua, Vipimo Visikome

Kila Jumanne asubuhi, katika vituo zaidi ya 200 vilivyotapakaa Marekani, kuna mtu anayekwenda kwenye kikingio cha mvua, anaondoa ndoo ya wiki iliyopita na kuweka nyingine safi. Kazi hiyo imeendelea tangu 1978. Katika kipindi hicho sheria ya hewa safi ya 1990 imefanya kazi yake: gesi ya salfa, ile inayoitia mvua tindikali, inayotoka kwenye mitambo ya umeme ya nchi hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Ndiyo maana kila bajeti inapobana, swali hurudi: mgonjwa akishapona, kuna haja gani ya kuendelea kumpima?

Wanaouliza hivyo si maadui wa mazingira. Sheria hiyo hiyo iliilazimisha mitambo mikubwa kufunga vipimo kwenye dohani, kwa hiyo gesi inayotoka inajulikana saa kwa saa. Baadhi ya vituo hupima pia zebaki katika mvua, na maabara yake ni ghali, na fedha hizo zingeweza kwenda kuzuia uchafu kwenye chanzo chake. Hakuna ndoo iliyowahi kusafisha ziwa. Hoja hizi zina uzito, na mwenye kuzipuuza hajawahi kugawa bajeti ndogo.

Lakini kuna namba moja ambayo watetezi wa kupunguza vipimo huwa hawaigusi: miaka 18. Katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, mwanaikolojia Gene Likens na wenzake walianza kukinga mvua mwaka 1963, wakaikuta na pH ya karibu 4 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi). Ilibidi wapime mfululizo kwa miaka 18 ndipo wakathibitisha kitakwimu kwamba tindikali ilikuwa inapungua kweli. Ukikata kumbukumbu zao katika vipande vya miaka minne au mitano, kipande kimoja kitakuonyesha tindikali inapanda, kingine inashuka, kingine haisogei. Mwaka wa ukame, mwaka wa mvua nyingi, upepo uliobadili njia: yote hayo huvuruga namba. Sasa fikiria mradi wa kawaida wa utafiti, ambao hufadhiliwa kwa miaka mitatu. Mtafiti angefunga kituo akiwa na takwimu halali kabisa, zilizopimwa kwa uangalifu, na jibu lisilo sahihi. Serikali ingemwamini, kwa kuwa asingekuwapo mwenye kumbukumbu ndefu ya kumpinga.

Vipimo vya dohani haviwezi kuziba pengo hilo, maana vinaeleza kilichotoka, si kilichofika. Tena havioni kisichopita kwenye dohani. Ndoo zile zile zilizowekwa kwa ajili ya salfa ndizo zilizoonyesha kwamba amonia, inayotoka kwenye samadi na mbolea za viwandani, imechukua nafasi kubwa ya naitrojeni inayoshuka na mvua. Pia zimewaeleza wakulima kwamba salfa waliyokuwa wakiipata bure kutoka angani imepungua, na baadhi yao sasa wanalazimika kuinunua kama mbolea.

Kwa zebaki kazi ni ngumu zaidi. Tangu 1996 vituo kadhaa hukinga mvua kwa chupa ya kioo iliyotiwa kiasi kidogo cha asidi, ili zebaki isipotee kabla ya kufika maabara. Kifuniko hujifungua tone la kwanza linapogusa kihisio, kisha hujifunga mvua ikikatika. Mhudumu huvaa glavu, kwa sababu kinachotafutwa ni nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) chache kwa lita, na kidole kichafu kinaweza kuharibu sampuli ya wiki nzima. Matatizo haya mawili, tindikali na zebaki, pia yameshikana. Bakteria wanaotumia salfeti, yaani salfa ya aina inayoletwa na mvua hiyo, kwenye ardhi oevu ndio miongoni mwa wanaoigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, sumu inayojikusanya kwenye samaki. Watafiti waliponyunyizia salfeti kwenye ardhi oevu ya Minnesota, zebaki ya methili iliongezeka. Ukiacha kupima kimoja, hutaelewa kinachotokea kwa kingine.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huitoa hewani, kwa takriban asilimia 38. Anayechoma dhahabu jikoni Geita au Migori, watoto wakiwa pembeni, anahitaji leo kifaa cha kunasa mvuke, si kituo cha mvua. Shilingi ya kwanza iende huko, sina ubishi.

Shilingi ya pili je? Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hushuka moja kwa moja kama mvua. Mvuke wa zebaki unaweza kukaa angani kwa miezi mingi, kwa hiyo unaopaa Geita unaweza kushukia bara jingine, na ziwa likapokea mvuke wa makaa ya mawe yaliyochomwa mbali. Kujua kipi kinatokea kunaamua serikali ibane nani: mwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu au mataifa yenye viwanda. Hilo haliwezi kujulikana kwa kupima samaki sokoni tu, kwa sababu sangara hasemi zebaki yake ilipita njia gani.

Hatuhitaji vituo 200. Mbita, upande wa Kenya, watafiti wameshakinga mvua kupima naitrojeni inayoshuka ziwani. Chupa ya zebaki hapo, nyingine Mwanza, na mkataba wa fedha wa miaka 20, vingetufaa kuliko warsha nyingi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unadai tathmini ya mara kwa mara kuona kama unafanya kazi. Zebaki ikipungua machimboni, mtu ataulizwa kama ziwa nalo limepata nafuu. Atahitaji namba za kabla ya nafuu hiyo, na mvua ya kuzitoa ni hii inayonyesha sasa.