Mechi iahirishwe kwa mvua au kwa bahari?

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilikuwa gatini Lamu wakati boti ya timu ya wageni ilipofunga kamba ikitokea upande wa Faza, kisiwani Pate. Kusi lilikuwa likivuma tangu alfajiri. Vijana walishuka mmoja mmoja, jezi zao kwenye mifuko ya plastiki, na bado zilikuwa zimelowa. Golikipa alikaa kwenye ngazi akazikamua glavu zake. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Winga wao, mdogo kuliko wote, aliinama pembeni akatapika. Uwanjani jua lilikuwa limetoka na ardhi imekauka, kwa hiyo mechi ilianza saa kumi kama ilivyopangwa. Wageni walifungwa manne.

Refa hakukosea. Sheria ya 5 ya mchezo inampa yeye kuamua kama hali ya uwanja na ya hewa inaruhusu mechi kuchezwa, na uwanja aliouona haukuwa na kasoro. Ila tangu siku ile, kila masika hoja ya kuahirisha mechi inaporudi barazani, nahisi tunabishana juu ya mahali pasipo penyewe.

Wanaopinga kuahirisha wana hoja nzito, na nataka niipe haki yake. Mvua peke yake haijawahi kuua kandanda. Mwaka 1974 Ujerumani Magharibi na Poland walicheza mechi ya Kombe la Dunia mjini Frankfurt kwenye uwanja uliojaa maji, mpira unakwama kwenye madimbwi, na Ujerumani wakashinda 1-0. Viwanja vyetu vingi ni vya mchanga, na mchanga hunywa maji upesi. Halafu kuna pesa. Boti imekodiwa, petroli imenunuliwa kwa michango ya nyumba kwa nyumba, na nusu ya kikosi ni wavuvi na vibarua walioacha kazi ya siku hiyo. Safari ya pili itagharamiwa na nani? Mechi iliyoahirishwa huku kwetu mara nyingi haichezwi tena, kwa kuwa Ramadhani imekaribia, au shule zimefunguliwa, au mfuko umekauka. Na tusifichane: wapo viongozi wa timu ambao beki wao akiumia Alhamisi, Ijumaa huanza kuyaona mawingu.

Kuna hali moja ambayo kwangu haina mjadala, nayo ni radi. Oktoba 1998, nchini Kongo, radi ilipiga uwanja wa Kasai na ikaripotiwa kuwa wachezaji 11 wa timu moja walikufa. Novemba 2024 huko Peru mchezaji mmoja aliuawa na radi wakati refa ameshasimamisha mechi na wachezaji wanatoka. Kanuni inayotumika kwingi ni nyepesi: ukiona umeme, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, basi watu watoke na wasubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Wakae ndani ya nyumba, si chini ya mwembe.

Kusimamisha si lazima kuwe kuahirisha. Juni 2025 huko Charlotte, Marekani, Chelsea na Benfica walisubiri karibu saa mbili zikiwa zimebaki dakika chache, kisha wakarudi wakamaliza. Hapa kwetu kusubiri namna hiyo ni vigumu. Mechi ya saa kumi ikisimama kwa saa moja, magharibi inaingia na viwanja vingi havina taa. Na maji hayamngojei refa: yakipwa, boti ya kurudi Pate haipiti vizuri Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wageni wanabaki gatini usiku.

Hapo ndipo ninapolipata jambo lenyewe. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Garsen pale Lango la Simba, hakuna aliyemwita mwoga msafiri aliyekwama upande wa pili. Maji yalikuwa juu ya lami, kila mtu aliyaona. Lakini timu ya kisiwani ikisema bahari imechafuka, jibu ni kwamba watu wanavuka kila siku. Ni kweli wanavuka. Mgonjwa anavuka kwa kuwa hana budi, mvuvi anavuka kwa kuwa ameizoea bahari na anajua lini ageuze. Kijana wa miaka 16 aliyepakiwa na wenzake kumi na saba, jaketi za uokoaji hazitoshi, anavuka kwa sababu asipofika kwa wakati wenyeji wanapewa pointi za mezani. Hiyo sababu haitoshi kumtoa mtu nyumbani kwao siku ya dhoruba.

Najua swali litakalofuata: nani ataamua? Waandalizi wako mjini, hawaoni ghuba ya Manda. Nahodha analipwa kwa safari, naye anataka safari. Timu yenyewe ina maslahi yake. Kwa hiyo uamuzi uondolewe kwenye nyuso za watu uwekwe kwenye tangazo. Idara ya Hali ya Anga hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, kama ilivyofanya Mei 2024 wakati Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia Tanzania. Tahadhari ya pwani ikiwepo jioni ya kuamkia mechi, timu inayokuja kwa bahari isilazimishwe, na mechi ipewe tarehe papo hapo, ndani ya wiki mbili. Isipokuwepo, mechi ichezwe, hata kama kunanyesha na beki ameumia.

Inabaki nauli. Wanaosema safari ya pili haina mwenyewe wamesema kweli, na wenyeji hupata faida mechi ikichezwa kwao. Basi petroli ya safari hiyo igawanywe nusu kwa nusu kati ya wenyeji na waandalizi, na iandikwe kwenye kanuni kabla msimu haujaanza. Bila kipengele hicho tahadhari itasomwa, itasikika, na Jumamosi asubuhi nahodha ataambiwa awashe mashine.