U ni Uwanja

Kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu, mimi nilipewa usafiri. Uenyekiti alichukua shangazi wa Dallas, uhazini akapewa binamu yetu wa Minneapolis ambaye kwa michango hana huruma na mtu, na mimi nikapewa usafiri kwa hoja moja tu: niliwahi kwenda Bahamas siku nne. Katika ukoo wetu, huyo tayari ni mtaalamu wa Karibi.

Bwana harusi ni mtu wa Saint Lucia, kijana wa Gros Islet, kule juu kaskazini mwa kisiwa. Alitaka aoe kwao, ufukweni, bibi yake akiona. Hatukuwa na neno. Tukachanga, tukafanya vikao vya simu kila Jumapili, na mimi nikajifungia wiki nzima kuandaa kitu nilichokiita Mwongozo wa Wageni, kurasa nne. Nikaurusha kwenye grupu saa tano usiku, nikakaa macho kusubiri sifa.

Na ulistahili sifa, msinionee. Nilieleza kwamba kule magari yanapita kushoto kama kwetu Tanzania. Nilieleza kwamba hela yao ni dola ya Karibi Mashariki, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni 2.70 za kwao, haipandi wala haishuki. Nilieleza hata kwamba Waingereza na Wafaransa walinyang'anyana kisiwa kile mpaka kikabadilisha mikono mara 14, ndiyo maana ofisini wanaongea Kiingereza lakini bibi wa bwana harusi anasengenya kwa Kwéyòl, lugha yao iliyozaliwa na Kifaransa. Kisha nikaandika sentensi iliyonimaliza: "Uwanja wa ndege uko dakika 15 kutoka hotelini. Tutapokelewa."

Sikuitunga. Nilifungua ramani, nikaona hoteli, nikaona na kialama cha ndege jirani yake, nikapima. Uwanja upo kweli, unaitwa George F. L. Charles, pale Vigie, mjini Castries. Ila pale zinatua ndege ndogo za pangaboi, zile za kuruka kisiwa hadi kisiwa. Dege lililotubeba sisi kutoka Miami linatua Hewanorra, Vieux Fort, ncha ya kusini kabisa, kilomita kama 60 kutoka kwenye keki. Sasa kisiwa kizima hakifiki nusu ya Unguja. Nani angedhani kina viwanja viwili?

Tiketi zilidhani. Kila tiketi iliandikwa UVF, herufi za Hewanorra, na shangazi, ambaye husoma mpaka karatasi ya ndani ya dawa, aliuliza kwenye grupu: "Mwanangu, hii UVF ndiyo nini? Mbona wewe umeandika Castries?"

Nikamjibu mbele ya watu 63: "Shangazi usihofu. U ni uwanja."

Akaweka kidole gumba. Biashara ikaishia hapo.

Lakini kabla hatujafika kwenye uwanja, kuna habari ya suruali.

Kamati ilitaka sare. Si ya harusini, hiyo ilikuwa kitenge na mama zetu walishaimaliza, bali sare ya Jumatatu, siku ya kwenda na boti Soufrière kuangalia Piton, ile milima miwili inayochomoka baharini kama pembe. Vijana wakaniachia mimi nichague. Nikapata dukani suruali tisa za mabaka ya kijani, zile za kijeshi, mifuko hadi magotini, bei ya kutupa. Nane nikazishindilia kwenye sanduku langu mpaka likajaa. Ya tisa nikaivaa. Suti nikamwachia mke wangu, ambaye alikuwa na zamu hospitali na angekuja kesho yake, Jumapili, siku yenyewe ya harusi.

Pale Hewanorra ofisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akatazama uso, akainama kidogo juu ya meza kutazama chini. Akauliza kwa upole kama mimi ni mwanajeshi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kumbe Saint Lucia, kama visiwa vingine kadhaa vya huko, raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya kijeshi. Suruali, kofia, mkoba, hata kanguo ka mtoto. Nikaanza kujitetea kwamba hilo mgeni angelijuaje. Nyuma yangu nikasikia shangazi anafungua mkoba, anatoa karatasi, anavaa miwani.

"Kipo," akasema. "Ukurasa wa nne, chini. Mwongozo wako."

Kweli kilikuwepo. Ukurasa wa nne niliunakili kutoka kwenye maelekezo ya Kiingereza usiku wa manane na sikuusoma.

Mama, aliyesafiri kutoka Soni, Lushoto, kwa ajili ya bintiye, alitikisa kichwa. "Kwani hata nyumbani si ungekamatwa? Jeshi kila siku linatangaza redioni." Nilipomwambia kwamba sanduku zima ni suruali hizo hizo na suti haipo, hakusema kitu. Alifungua mkoba wake akatoa kanga. Nikaingia chooni, nikatoka nimejifunga kiunoni, shati limechomekwa kwa heshima. Suruali zote tisa zikabaki forodhani. Mhazini alikuwa pembeni anapiga hesabu, midomo inacheza.

Kanga yenyewe ilikuwa nyekundu, na jina lake lilikaa sawasawa nyuma, pale mtu anapokalia. Binamu zangu walilisoma kabla yangu. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Tukatoka nje watu 11, masanduku 19, na joto la saa nane na nusu mchana. Wenye mabasi madogo walituita, nikawapungia mkono kwamba sisi tuna mtu wetu. Dakika ishirini. Arobaini. Mama akakalia sanduku. Nikampigia dereva, na kwa kuwa watu walikuwa wananiangalia, nikampigia kwa ukali.

"Uko wapi wewe?"

"Niko nyumbani, bosi."

"Nyumbani! Sisi tuko uwanjani!"

"Hata mimi nilikuwa uwanjani. Nilikaa mpaka nikawahesabu waliolala makaburini."

Nikafikiri amelewa. Kumbe pale Vigie makaburi yako ubavuni mwa njia ya ndege, na mtu akingojea sana hana kingine cha kusoma. Nikamuuliza uwanja gani. Akasema ule ulioniandikia. Nikauliza saa ngapi. Akasema saa ile uliyoniandikia, saa mbili asubuhi.

Nikafungua ujumbe wangu. Miaka 19 Marekani, na bado kichwa kinahesabu saa kama mtu wa Soni. Kichwani nilikuwa na saa nane mchana. Vidole vikaandika nane, basi. Na nane ya Kizungu ni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo yule bwana nilimpeleka uwanja usio wenyewe, saa isiyo yenyewe, kisha nikampigia simu kumfokea.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Si mbali."

Alifika baada ya saa moja na nusu. Mrefu, mzee kidogo, kofia ya majani. Alitupitia kwa macho mmoja mmoja, akafika kwangu, akaiona kanga, akamwendea moja kwa moja shangazi akidhani ndiye kiongozi wa msafara. Shangazi hakumsahihisha.

Njia ya kwenda kaskazini inashika pwani ya mashariki, inapita Micoud, inapita Dennery, halafu inaanza kupanda msitu wa Barre de l'Isle na kuteremka upande wa pili. Sijui niwaelezeje zile kona. Mama alieleza kwa neno moja: "Mombo." Waliopanda gari kutoka Mombo kwenda Lushoto wamenielewa. Basi likawa linalala huku, linalala kule, na shangazi ameshika mfuko wa plastiki mdomoni kwa mkono mmoja na Mwongozo kwa mkono mwingine. Mama peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa ameona migomba mabondeni, na mikungu imevalishwa mifuko ya plastiki ya buluu mpaka chini, kama watoto wa shule kwenye mvua. "Huku ndizi zinavaa," akasema, akageuka kunitazama mimi niliyejifunga kanga, akarudisha uso dirishani.

Hotelini dereva akataka nyongeza ya safari ya pili. Mia mbili sabini. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba sikubishana, nikahesabu dola 270 nikampa. Akazitazama. Akachambua mia, akanirudishia 170, akatoa mfukoni kwake noti ya kwao ya mia akanionyesha picha. "Hizi ndizo dola nilizosema," akasema. "Huyu ni Sir Arthur Lewis. Alipata Nobeli ya uchumi, 1979. Alizaliwa hapa Castries." Hakuongeza neno. Mhazini akaja akachukua ile 170 mkononi mwangu, naye hakuongeza neno.

Chakula cha usiku ule sitakisema sana. Kwenye karatasi kulikuwa na chakula cha taifa, jina la Kiingereza likisema ni tini mbichi na samaki wa chumvi, na mimi nikawaeleza wazee kwamba tini ni lile tunda la kwenye Biblia. Sahani zikaja. Ndizi mbichi za kuchemsha. Kule ndizi ndiyo wanaiita tini. Mama akakata kipande, akatafuna taratibu. "Hii ndiyo tini ya Yesu? Soni ninayo mgomba mzima nyuma ya choo." Akala akamaliza, akaomba tena.

Mpaka chaja zilinigeuka. Soketi zao ni zile za matundu matatu ya mraba, za Kiingereza, umeme wa volti 240. Wataalamu wote kutoka Marekani tulikuja na vichwa vyetu vya meno mawili bapa. Saa nne usiku watu wazima kumi walipanga foleni mlangoni kwa mama, mwenye chaja ya kununua Tanga mjini, na yeye akawa anatoa zamu dakika ishirini ishirini, mimi wa mwisho.

Jumapili asubuhi maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa. Bwana harusi aliniazima kaptula yake ikagoma mapajani. Kwa hiyo nilibaki na kanga, ila sasa nilikuwa mtu aliyeelimika. Mke wangu aliniambia anatua saa saba mchana. Harusi saa kumi. Nikamtafuta yule yule dereva mapema, nikamwandikia saa ya Kizungu, nikaisoma mara tatu. Tukapanga tutoke saa nne na nusu asubuhi.

"Una hakika anatua Hewanorra?" akaniuliza tukipanda garini.

"Rafiki yangu," nikamwambia, "mimi na Vigie tumeachana."

Tukarudi kona zile zile. Saa sita tuko Vieux Fort. Nikasimama mbele kabisa ya mlango wa abiria, kanga imepigwa pasi, nimeshika karatasi yenye jina la mke wangu kwa mbwembwe. Saa saba watu wakaanza kutoka. Wakatoka wazungu wenye kofia, wakatoka wenyeji wenye maboksi ya televisheni, akatoka rubani na wahudumu wake. Mlango ukafungwa. Saa nane kasorobo simu ikaita, namba ya hoteli.

"Mume wangu, uko wapi? Nimeshaoga."

"Umeogea wapi?"

"Chumbani kwetu. Suti yako nimeitundika. Ndege ya moja kwa moja ilikuwa imejaa, nikakata tiketi ya kupitia Barbados, halafu kale kandege kadogo. Wakaniuliza nitue uwanja upi, nikafungua Mwongozo wako, nikawaambia Castries." Nikasikia anakunywa kitu chenye barafu. "Na kweli, dakika 15. Nimezihesabu. Hawa ndugu zako wananiambia ulichemsha, mimi nimewaambia mume wangu hakosei."

Dereva alikuwa amesimama kando yangu. Simu yangu ina sauti kubwa. Alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena, akaenda kuwasha gari.

Kwenye picha za harusi mimi niko ile ya mwisho, pembeni, mkono umeshika mti, kijani usoni kwa ajili ya zile kona, suti juu na kanga chini kwa sababu muda wa kubadilisha ulitosha koti tu. Bibi wa bwana harusi yuko nyuma yangu ananisoma makalio. Hajui Kiswahili, lakini shangazi alikuwa ameshamtafsiria.