Sikuzalisha ndani ya daladala

Naona ile sauti aliyorekodi rafiki yangu, eti nimezalisha kuku ndani ya daladala, imeshafika hadi Sengerema, na kila anayeipokea anaongeza chumvi yake. Ngoja niseme mwenyewe. Vifaranga havikuwa 12, sikulia, na gari halikupelekwa polisi. Lilisimama Pasiansi tu, basi.

Hali ya shambani kipindi hiki mnaijua. Mvua zimenyesha, majani huku Igombe, Mwanza, yamefika kiunoni, na kuku wangu wa kienyeji wameamua banda ni la wageni. Wanataga vichakani. Naokota mayai manne, siku nyingine matatu, huku mama wa keki wa Kirumba ananipigia simu kama mwenye nyumba anayedai kodi. Anataka trei moja, mayai 30 kamili.

Jumatatu jioni nikamwona yule mtetea mwekundu niliyedhani kaliwa na kenge. Kachomoka kwenye matete, kala pumba na dagaa mbiombio kama mtu aliyeacha chungu jikoni, karudi. Alfajiri nikamfuata. Jamani, mayai 13! Akanidonoa mkono, nikamwambia acha uchoyo. Yalikuwa ya moto, nikajisemea haya yametagwa sasa hivi.

(Msiseme kitu. Najua. Kuku mmoja, mayai 13, asubuhi moja. Na kuyamulika kwa tochi ya simu, kuona kama kuna kifaranga ndani, ni dakika mbili tu, ila simu ilikuwa na chaji asilimia 4 na daladala inapiga honi.)

Nikakaa dirishani, trei mapajani, nimeifunika kanga ya mke wangu. Pembeni yangu mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Rafiki yangu, huyo huyo, kiti cha nyuma.

Tulipofika uwanja wa ndege nikasikia: piu.

Nikadhani ni simu ya mtu. Piu. Konda akageuka: "Nani kabeba kuku? Kuku analipiwa!" Mimi macho nje, natazama ndege kama nampokea mgeni kutoka Dar. Piu, piu. Mama wa dagaa akachungulia chini ya kiti, akainuka taratibu, akaitazama kanga yangu.

Nikainua ncha ya kanga kwa kidole kimoja. Yai la safu ya pili lilikuwa na ufa, na penye ufa pana kitundu kama punje ya mchele. Ndani ya kitundu kitu kinapumua. Nikafanya nini? Nikaziba kwa kidole gumba. Ndiyo, niliziba, kama mtu anayezuia bomba lililopasuka. Kikanidonoa, pale pale aliponidonoa mama yake. Kipande cha ganda kikadondoka mapajani, likatokeza domo dogo lenye kidoa cheupe kwenye ncha, kile kijino cha kutobolea ganda.

"Mwanangu, toa kidole, utakiua!" Mama wa dagaa huyo, kwa sauti ya kuita mtumbwi. Watu wote garini wakasimama wima. Dereva akaegesha Pasiansi aje kuona. Abiria 20 wananielekeza kila mmoja lake: kifunike, usikiguse, sukuma! Nani asukume jamani? Kikatoka chenyewe, kimelowa, kibaya kama soksi iliyosahaulika kwenye beseni. Watu wakapiga vigelegele.

Yaliyofuata hayana maana. Konda alinitoza nusu nauli ya mtoto. Nikarudi kwa bodaboda, nikamrudishia mama mtu mayai yake, yakaanguliwa tisa. Mama wa keki alinunua mayai ya kisasa, akanitumia ujumbe wa sauti ambao siwezi kuufungulia mbele ya watoto. Makonda wa njia hii sasa wananiita Mkunga.

Trei ya mama wa keki bado sijaijaza. Nina mayai 22, yote nimeyamulika, mawili nimeyamulika mara tatu.