Simu ni ya mfanyakazi, imeili ni ya hoteli, sasa nani aishike?

Kazi yangu ni kulinda laptopu, simu na akaunti za Microsoft 365 za mahoteli na ofisi huku Malindi na Watamu, na kuna ugomvi mmoja naukuta karibu kila ninapoingia: bosi anataka simu za wafanyakazi zisajiliwe kwenye Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia simu na kompyuta kwa mbali, wafanyakazi nao hawataki hata kulisikia hilo jina. Nimewasikiliza wote, na kila upande una haki yake, ila kwangu mizani inaegemea upande mmoja.

Bosi kwanza, manake watu wanamuona mkorofi tu. Mgeni akifika mapokezi pasipoti inapigwa picha kwa simu ya mfanyakazi, inatumwa kwa meneja WhatsApp, basi imekaa kwenye simu mbili na pengine kwenye bakapu za Google pia, na hakuna atakayeikumbuka kuifuta. Hiyo simu ikinyakuliwa barabarani je? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue data imevuja kama kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Na usiseme hoteli yangu ni ndogo haihusiki, kanuni za 2021 zinataka biashara za hoteli zijisajili hata zikiwa na wafanyakazi wachache.

Halafu kuna msimu. Masika ikiingia wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa, watu wanarudishwa nyumbani na imeili ya hoteli ikiwa bado inaingia kwenye simu zao, na majina ya wageni na namba zao yote yamo. Julai mwingine anaitwa na hoteli ya jirani. Simlaumu, mtu lazima ale, lakini bosi akiogopa hapo haogopi kivuli.

Sasa mfanyakazi. Simu kanunua yeye, bando anaweka yeye, na hofu yake kubwa ni kwamba IT watamsomea meseji na kumwangalia mapicha. Hapa kwa haki niseme, sehemu ya hofu haina msingi: kwenye Android ya mtu binafsi yenye profaili ya kazi, yaani sehemu ya kazi iliyotengwa na mambo yake, mimi naona modeli, toleo la Android na programu zilizo ndani ya ile profaili, sioni picha zake, sioni WhatsApp yake, na nikifuta nafuta profaili peke yake. Lakini sehemu nyingine ina msingi kabisa. iPhone ikisajiliwa nzima kwa njia ya kawaida, injinia ana kitufe cha kuifuta yote, na sitamwambia mtu aniamini tu eti sitakibonyeza, picha za marehemu mamake zimo humo.

Kuna na jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hailizungumzii. Simu nyingi huku ni za mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na aliyekopesha ameshaweka kifungo chake ndani, usipolipa inajifunga. Yaani hiyo simu tayari ina mtu anayeishika kwa mbali, halafu hoteli nayo inataka kuishika, na siku imejifungia kwa deni mhasibu wako hawezi kuidhinisha kuingia kwenye imeili hata mbingu ianguke. Na zile za zamani je, tangu Oktoba 2024 Intune haihudumii tena simu za watu zenye Android ya chini ya 10, kwa hiyo unamwambia mpishi anunue simu mpya ili asome ratiba ya zamu?

Kwa hivyo mimi nasema hoteli ilinde data yake, simu iachane nayo. Intune inaweza kulinda programu peke yake bila kusajili simu: Outlook inadai PIN yake, huwezi kukopi kutoka imeili ya kazi kupeleka WhatsApp, na mtu akiondoka nafuta ya hoteli tu, yake yanabaki. Shida ni pesa. Leseni za bei ya chini za Microsoft 365 kama Business Basic na Business Standard zina usimamizi wa kifaa kizima tu, ulinzi wa programu unaupata kwa leseni kama Business Premium au ununue Intune kando, kwa hivyo bosi anayebana matumizi anajikuta anashika simu nzima ya mtu kwa sababu ndiyo njia rahisi kwake. Hilo linaniuma sana, faragha ya mhudumu wa chumba inaamuliwa na tofauti ya bei ya leseni ambayo hata haijui.

Na hata hiyo njia ninayoitetea haizuii mtu kufungua kamera na kupiga picha pasipoti. Hapo dawa ni hoteli inunue tableti moja ya mapokezi, isajiliwe nzima kama mali ya hoteli, pasipoti zisigusane na simu ya mtu tena. Mabosi wananiambia ni gharama, nami nawauliza wamewahi kuilipia bando hiyo simu ya mfanyakazi wanayoitegemea kila siku? Na zile namba za kuidhinisha kuingia kwenye imeili zinazokuja kwenye simu, mtu asiye na simu nzuri au asiyetaka apewe kifunguo kidogo cha USB cha usalama cha kuchomeka badala yake, kinakaa na funguo zake za nyumbani, hakili bando, na hakina habari na mtu aliyekuibia laini yako.

Masika ikifika, zima akaunti siku ileile ya mwisho wa zamu, na umwambie mtu mapema kwamba itazimwa na kwamba ikifika Julai itafunguliwa. Na kabla hajaweka chochote kwenye simu yake apewe karatasi ya Kiswahili, ukurasa mmoja, hoteli inaona nini, haioni nini, inaweza kufuta nini. Bosi anayekataa kuiandika hiyo karatasi mimi simwekei Intune kwenye simu ya mtu yeyote.