Alfa chaneli imenigombanisha na ukweni

Jamani mimi sina ugomvi na mtu, nilichotaka ni kufuta ukuta tu kwenye picha. Ukuta wenyewe una kalenda ya mwaka juzi na msumari usio na kazi, mbele yake kakaa baba mkwe na suti, picha kapigwa na mjukuu kwa simu na ndo picha pekee duniani ambayo mzee hajakunja sura. Mzee anastaafu, mhasibu miaka 34, waifu akasema we si ndo unashinda kwenye magrupu ya kuediti picha mpaka saa saba usiku bando linakata, haya mtengenezee baba bango tuone faida yake. Na mimi kwa kiherehere changu nikajibu hiyo kazi ya dakika kumi.

Magrupu nimejiunga matatu. Ukitaka kujua binadamu hawatakaa wapatane bandika picha huko uandike "wakuu mi bado mgeni naombeni ushauri". Wa kwanza anakwambia ongeza kontrasti. Wa pili anakwambia kontrasti punguza umemuunguza mzee wa watu. Wa tatu anauliza hiyo fonti ni ya bango au ya mfuko wa unga. Wa nne haongei kabisa, anaweka kikatuni cha kucheka halafu analeft. Afu kuna yule wa kukufuata inboksi, ana kozi yake ya elfu 15 atakutoa kimaisha, ukiingia kuangalia kazi zake ni kadi za mchango tupu, zote maua yaleyale, kabadilisha majina ya maharusi.

Photoshop nikaambiwa sahau, zile mpya tangu 2013 hununui ukamaliza, unalipia kila mwezi, na mimi king'amuzi chenyewe kinanishinda. Chukua GIMP mkuu, nayo ni programu ya kuediti picha, ipo tangu 1996 na ni bure. Kwenye bure mi sinaga maswali.

Sasa naburuta raba juu ya ukuta, ukuta unatoka, chini yake panakuja weupe. Nafuta weupe, chini ya weupe kuna weupe. Nikakaa nao huo weupe saa nzima kama mtu anayepangusa meza isiyo na uchafu. Nikaenda kulia kwenye grupu, jibu likaja, hiyo ni jpg mkuu, jpg haijui uwazi, weka alfa chaneli kwanza, ndo inayoshika sehemu za picha zilizo wazi. Mimi nikajua wanaongelea mambo ya king'amuzi tena. Kumbe unaklik kulia kwenye leya, yani lile tabaka la picha, iko hapohapo miaka yote inakuangalia. Nikaiweka, naburuta raba, weee, ukuta ukaondoka na pakatokea vimraba, kijivu cheupe kijivu cheupe, drafti kabisa. Grupu likalipuka makofi. Wakasema hivyo vimraba maana yake hapo hamna kitu, pako wazi. Nikasema nimeelewa, na kuelewa kwangu kukaishia hapo.

Ikabaki kumzungukia mzee pembeni. Nikazuumu asilimia 800, sikio la baba mkwe likajaa skrini nzima. Ndugu zangu, kuna umbali kati ya mtu na mkwewe umewekwa kwa heshima, mimi niliuvuka usiku ule. Nywele za sikioni nimezipita mmoja mmoja na mausi inayorukaruka, mara ncha ya sikio ikaondoka na ukuta, kontroli Z, mara ikaondoka tena, kontroli Z, mpaka waifu akaamka akaniuliza unamfanya nini baba.

Asubuhi nikasevu nikapeleka flashi stesheneri. Kijana anaangalia faili, inasoma xcf, akaniambia braza hii ondoa kabla haijaniletea virusi. Kwenye GIMP kusevu ni habari nyingine, inatoa hiyo xcf ya GIMP yenyewe, na kueksipoti ni nyingine, ndo inatoa jpg au png, iko hivyo tangu toleo la 2.8 mwaka 2012, dunia nzima walishalalamika wakazoea, mimi nimekuja kujua baada ya shughuli. Na shughuli ilikuwa kesho. Nikarudi hom nikafanya wanachofanya watu wakiishiwa akili, nikapiga skrinshoti.

Bango futi 6 kwa 4. Kalaptop kangu skrini ni pikseli 1366 kwa upana, nimepiga hesabu baadaye hiyo ni kama pikseli 19 kwa kila inchi, wakati picha ya kushika mkononi wanataka 300. Lakini ukungu si ndo shida, ukungu ungesamehewa. Shida ni kwamba skrinshoti inapiga kila kinachoonekana, na vile vimraba vya "hamna kitu" vilikuwa vinaonekana vizuri sana. Mzee katokea katikati ya ubao wa drafti futi sita, anatabasamu, chini nimeandika HONGERA KWA UTUMISHI ULIOTUKUKA.

Ukumbi ukakaa kimya kidogo. Afu nikasikia shangazi mmoja anamnong'oneza mwenzie, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "kumbe miaka yote hiyo ofisini walikuwa wanacheza drafti". Bosi wake alikuwa meza ya mbele. Baba mkwe aligeuka taratibu, akalitazama bango, akanitazama mimi, akasema "asante mwanangu", na hiyo asante ndo imenikosesha usingizi wiki mbili.

Sasa sikia. Wazee wa kijiwe cha karibu na kwake wamesikia kuna mstaafu bingwa wa drafti wakamfuata na ubao na kete za vizibo vya soda. Hajui hata kete inavyosogea. Ameenda, amefungwa, amekwenda tena, hashikiki nyumbani. Juzi kanipigia mwenyewe, wanataka bango la kijiwe, picha yake ileile na drafti yake nyuma kama siku ile.

Nimeediti. Nimeeksipoti png safi kabisa kama nilivyofundishwa. Vimraba havitokei. Nimerudi kwenye grupu kuuliza navirudishaje, wananijibu weka alfa chaneli.