Hilo jumba liliwahi kuwa choo cha umma

Mwandishi, asante kwa habari ya Zohran Mamdani, meya wa New York mzaliwa wa Kampala, kutangaza kuhamia Gracie Mansion, jumba rasmi la meya wa jiji hilo. Ila umeandika kana kwamba lilijengwa kwa ajili ya mameya. Hapana. Lilijengwa mwaka 1799 na mfanyabiashara wa meli, Archibald Gracie, mzaliwa wa Scotland. Madeni yakambana, akaliuza 1823.

Mnamo 1896 jiji likalitwaa kwa sababu ya kodi zisizolipwa, likawa sehemu ya bustani, ile inayoitwa leo Carl Schurz Park. Na hapo ndipo utamu wa hadithi: jumba la tajiri likageuzwa vyoo vya watu waliokuja kupunga upepo, na kibanda cha kuuzia aiskrimu! Baadaye likawa makumbusho. Meya wa kwanza kuishi humo ni La Guardia, mwaka 1942.

Wanaodhani ni kasri la marumaru, watulie. Ni nyumba ya mbao, rangi ya njano iliyofifia, na baraza inayotazama East River. Michael Bloomberg, bilionea aliyewahi kuwa meya, hakuhamia kabisa, alibaki kwake.